Siku Walipouosha Mtungi wa Mama

Kuna chupa inauzwa siku hizi kwenye maduka ya uwanja wa ndege. Lebo yake ina picha ya mwanamke amebeba tenga kichwani, anacheka meno yote nje. Huyo mwanamke simjui. Si mama yangu, si mtu wa kwetu, na ukimtazama vizuri utaona alichobeba hata si masuku, yale matunda yetu ya porini, ni maembe. Nyuma wameandika kwa Kiingereza kilichonyooka kwamba mvinyo huu ulianzia jikoni kwa mama mmoja wa Songea, na kwamba mpaka leo unachachushwa kwa chachu yake ile ile aliyorithi. Siku niliyoyasoma hayo mara ya kwanza nilisema kwa sauti, pale pale dukani, "Waongo wakubwa nyie!" Mlinzi akanisogelea. Nikamwambia, tulia baba, siibi, nasoma tu.

Watu wanaojua ukoo wetu hunipongeza. "Mwalimu, kumbe nyinyi ndio wenye ile waini ya Ulaya!" Zamani nilikuwa naeleza. Siku hizi najibu ndiyo, asante, naendelea na safari yangu. Lakini nimestaafu sasa, chaki imeniachia kifua kibovu na muda mwingi wa kukaa kibarazani, na kila nikimwona yule mwanamke wa maembe hasira inanipanda upya. Basi acha niseme ilivyokuwa.

Mama alikuwa na mtungi mmoja aliopewa na mama yake siku alipoolewa. Mtungi wa udongo, mkubwa, mweusi kwa nje, na kwa ndani una utando mzito kama ukoko wa uji. Ukiuona bila kuambiwa ungeutupa jalalani. Ndani yake kulikaa chachu ya pombe ya masuku. Msimu wa masuku ni wakati wa mvua za kwanza. Tunda linaanguka lenyewe, unaliokota, unalifunika tengani mpaka lilainike, halafu unalikamua kwa mkono, unachuja kokwa, unachanganya na maji na asali kidogo. Mpaka hapo ni juisi, kila mtu anaweza. Kilichofanya juisi ya mama iwe kitu kingine ni vile vikombe viwili vitatu vya mashapo alivyochota kutoka kwenye mtungi. Msimu ukiisha, mtungi haukuachwa mkavu. Aliulisha mwaka mzima: leo maji ya asali, kesho ndizi iliyoiva sana, kama mtu anayelisha mgonjwa. Na kanuni ilikuwa moja, sisi watoto tuliijua kabla ya kujua kuhesabu: mtungi hauoshwi. Haumwagwi wala hausuguliwi, hata maji ya bahati mbaya hayaingii. Bibi hakuuosha, na mama wa bibi hakuuosha.

Pombe yenyewe ilikuwa na rangi ya chai isiyo na maziwa. Ilinukia asali na majani ya porini baada ya mvua. Mimi nimekunywa vitu vingi katika maisha yangu, sitaki kujifanya mtakatifu, na sijaonja tena kitu kama kile.

Enzi za ujamaa mama aliipika kwa ajili ya harusi za ndugu na sikukuu, na paroko mmoja mzee alikuwa akipita "kusalimia" kila Jumapili ya pili, tukaelewa anasalimia nini. Ikaja miaka ya ruksa. Maduka ya mjini yaliyokuwa na rafu tupu na kiberiti kimoja yakajaa sabuni za kunukia, mitumba ikamwagwa chini pale sokoni, kila mtu akawa mfanyabiashara. Na ushirika aliokuwa akifanya kazi baba, mpima mahindi wa miaka mingi, ukaanza kupunguza watu. Baba akapunguzwa. Alirudi nyumbani na mzani mdogo wa mkononi waliomwachia kama zawadi, akautundika ukutani, akakaa.

Baba yangu alikuwa mtu wa suruali iliyopigwa pasi. Kumwona amekaa kibarazani asubuhi wakati wenzake wanakwenda kazini kulitutia uchungu sote. Mama hakumsema. Alianza tu kupika zaidi. Akauza kwa majirani pale mtaani kwetu Mfaranyaki, halafu kwa wenye vilabu, halafu kwa hoteli moja ya mjini iliyokuwa inapokea wageni wa miradi. Watu wakaanza maneno, si unajua mji mdogo. Walisema mzee sasa anavishwa suruali na masuku. Baba aliyasikia. Alinuna mwezi mzima, chakula anakula nusu, mpaka asubuhi moja tukamkuta ua wa nyuma amepanga chupa tupu mstari, amekunja mikono ya shati, anazisugua kwa mchanga na maji ya moto.

"Mke wangu," akasema, "mimi leo nimekuwa mwosha chupa wa pombe."

"Basi zioshe vizuri," mama akamjibu bila hata kugeuka. "Hiyo ya mwisho ina sisimizi."

Wakacheka wote wawili mpaka baba akakaa chini. Tangu siku ile walifanya pamoja. Walikwenda pamoja porini njia ya Namtumbo kuokota, yeye akibeba tenga zito, jambo ambalo wanaume wa rika lake hawakulifanya. Alibandika lebo kwa gundi ya uji wa muhogo, na kwa kuwa alikuwa mpimaji, alipima. Kila chupa ilijaa sawasawa mpaka shingoni. Mgeni akija kununua, baba ndiye aliyeonja kwanza mbele yake, kama desturi inavyotaka kwa mwenye kinywaji, ili mgeni anywe bila wasiwasi. Alionja kwa heshima zote, amefumba macho, na mama alikuwa akimtania kwamba anaonja sana kuliko desturi.

Hapa inabidi nimtaje shangazi. Shangazi ni dada mkubwa wa baba, ndiye aliyemlea baba baada ya mama yao kufariki. Aliishi upande wa Hanga, mkulima, mwanamke mwembamba mwenye mikono migumu kama mpini. Usafi wake ulikuwa ugonjwa. Akifika kwetu hakai mpaka asugue masufuria yote kwa majivu, hata yale tuliyoyaosha asubuhi, na huku anaimba nyimbo za kanisani. Sisi wasichana tulimwogopa. Mama alimpenda, nasema kweli, walipendana, ila walikuwa na ugomvi mmoja wa kudumu.

"Wifi, huo mtungi siku moja utatuua," shangazi alisema kila alipokuja.

"Wifi, huo uache kama ulivyo, una mwenyewe ndani."

"Mwenyewe gani, nzi?"

Wakacheka, likaisha.

Sasa nije kwa bwana aliyeanzisha hiyo chupa ya uwanja wa ndege. Alikuwa mtu wa kuja, ametoka mikoa ya kaskazini, alifanya kazi ofisi moja ya serikali pale mjini, akaacha akafungua duka. Alikunywa pombe ya mama hotelini, akauliza inatoka wapi, akaja kwa miguu mpaka kwetu. Simsemi vibaya sana. Alikuwa mchapakazi, na aliona kitu ambacho sisi hatukukiona, kwamba kile tulichokiita pombe watu wa mbali wangekiita mvinyo na kukiweka mezani kwenye kitambaa cheupe. Akakodi ghala, akanunua mapipa ya plastiki, akaleta vizibo vya kweli. Kila pipa lilianzishwa kwa chachu kutoka kwenye mtungi. Mama alikwenda ghalani mwenyewe na ndoo iliyofunikwa kanga, anatembea polepole utadhani amebeba mtoto.

Shehena ya kwanza kwenda Dar es Salaam ilikuwa kichekesho. Chachu ilikuwa hai ndani ya chupa, na lori lilipoteremka kwenye joto, chupa zikaanza kulipuka moja baada ya nyingine. Dereva alisimamisha gari akakimbilia shambani kwa watu, akidhani ni majambazi. Alivyorudi kutusimulia, baba alicheka mpaka machozi. Baada ya hapo ikabidi kila chupa ikishafungwa ipashwe moto kwenye maji, chachu ife, ndipo isafiri. Mama hakuipenda hiyo kazi. Alisema tunaipeleka imekufa. Lakini ilifika salama. Ikavuka ziwa kutoka Mbamba Bay kwenda Malawi, ambako wanayajua masuku kama sisi, na wakaisifu. Ikaenda Nairobi. Na mwaka huo huo yule bwana akaja na habari kwamba kuna mnunuzi wa Ulaya ameonja chupa, anataka kuonana na mpishi mwenyewe kwenye maonyesho ya biashara Dar. Akiridhika, msimu unaofuata atachukua kontena zima.

Kontena zima! Baba alisimama, akakaa, akasimama tena. Nakumbuka alivyoutazama ule mtungi pale pembeni ya jiko. Wakati ule mapipa yote yalikuwa matupu na yameoshwa, msimu umekwisha, chupa zilizobaki zimeshapashwa moto. Kila kitu kilichokuwa kinakuja, kontena, Ulaya, ada za wadogo zangu, heshima ya baba iliyokuwa imeanza kurudi, kilikuwa humo ndani ya udongo mweusi kinangoja mvua. Mama aliniita akaniambia, "Nikiwa Dar, ulishe wewe. Usimwachie mtu." Nilikuwa nafundisha shule ya Maposeni, nje ya mji, nikawa nakuja kila Jumamosi.

Baba alikuwa na homa siku ya safari. Homa ya kawaida, baridi ya Songea ya katikati ya mwaka, kila mtu anakohoa. Mama akasema haendi. Baba akamfokea, mara yangu ya kwanza kumsikia. "Nenda! Umeitwa wewe, si mimi. Malaria nimeizoea mimi." Akambebea boksi mpaka stendi, akasimama pale amejifunga koti, akapunga mkono basi likaondoka.

Homa haikuwa ya kawaida. Tulimpeleka hospitali, madaktari wakafanya walichoweza, na kabla ya wiki kuisha baba yangu akafariki. Ujumbe ulipitia simu ya duka la yule bwana. Mama alisafiri siku nzima na usiku kucha, akafika nyumbani mchana, watu wamejaa uani, mazishi yanamngoja yeye. Aliteremka amevaa kitenge kipya cha maonyesho, na shingoni bado inaning'inia ile beji waliyompa, yenye jina lake na picha ya chupa. Alikuwa hajui kama anayo. Alipita katikati ya watu akilia na beji inapigapiga kifuani. Mimi nilikimbia kuivua lakini nilichelewa, wote walikuwa wameiona.

"Mume anakufa, yeye anauza pombe." Neno hilo nililisikia kwa masikio yangu, linatoka kwenye kundi la wanawake wa upande wa baba waliokaa karibu na jiko. Mmoja akaongeza, "Amekuja na beji yake kabisa." Niligeuka nikataka kumtukana mtu, mjomba akanishika bega. Shangazi alikuwa ameinamia jeneza la mdogo wake, hana habari na dunia. Lakini maneno yalikwishatoka, na mama aliyasikia kama nilivyoyasikia mimi.

Kwetu mjane hukaa ndani. Hukaa chini, mkekani, mgongo ukutani, kitambaa kichwani. Hapiki, haagizi, hapazi sauti. Akihitaji kitu humnong'oneza mwanamke anayekaa naye, na huyo ndiye anayekisema nje. Mpaka siku ya kumaliza matanga, akina mama wa ukoo wanapomtoa, wakamnyoa na kumwogesha. Aliyekaa na mama alikuwa jirani yetu, mke wa mfanyabiashara wa Tunduru aliyeuza vitenge na korosho. Muislamu, hajawahi kugusa pombe, lakini yeye na mama walikuwa chanda na pete miaka yote. Alifunga duka lake akaja kukaa. "Wenzenu na sisi tuna eda," alituambia, "najua kukaa na mjane." Nikiwa shuleni wiki nzima nilikuwa na amani kwamba yupo. Na mtungi nilikuwa naulisha, kimya kimya, nikipita jikoni, kwa sababu hata kuonekana nimesimama karibu nao katika msiba ule niliona haya.

Siku ya kumaliza matanga, desturi ni kwamba nyumba husafishwa kifo. Majivu ya mafiga yote hutolewa nje, moto mpya huwashwa, maji ya akiba humwagwa, na kila chombo kilichokuwa ndani siku mtu alipokufa huoshwa. Kila chombo, hata kijiko. Kikibaki kimoja, wazee wanasema, kifo kimebaki humo, kitarudi kuchukua mwingine. Nililijua hilo. Nilikuwa nimepanga kuuhamishia mtungi kwa yule jirani mapema asubuhi, kabla akina shangazi hawajaamka vizuri. Kumbe kupanga si kufanya. Asubuhi hiyo hiyo yule bwana akatokea. Amekuja kutoa pole, vizuri, amekaa, amekunywa chai, halafu akaanza kuwauliza wajomba zangu habari za mapipa na msimu, kama mama atakuwa "ameshapata nguvu" kufikia mvua za kwanza. Msibani! Wajomba wakatazamana. Nikaona maneno yale ya beji yanataka kuzaa maneno mengine. Nikamwinua, nikamwambia nakusindikiza, na sikumwacha mpaka nimemfikisha dukani kwake na kumpasha njia nzima.

Niliporudi, ua ulikuwa umefagiliwa, unang'aa. Moto mpya unawaka. Kwenye kichanja cha vyombo, juani, katikati ya masufuria, uko mtungi wa mama umepinduliwa kifudifudi, unatiririsha maji. Sikuutambua mara moja. Ulikuwa mwekundu. Mimi nilikuwa sijui kama udongo wake ni mwekundu.

Shangazi alikuwa ameketi pembeni, mikono imechubuka, jasho linamtoka. Aliniona, akatabasamu, tabasamu lake la kwanza tangu tumzike baba. "Huo ndio umenitoa roho," akasema. "Mchanga, majivu, maji ya moto, tena mchanga. Lakini umetoka. Nisingeacha kifo ndani ya mtungi, mwanangu, kikaja kuchukua mmoja wenu."

Nilipiga yowe. Watu wakadhani nimeanza kumlilia baba upya, wakanijia wakanishika. Nilimwambia shangazi maneno ambayo sitayaandika. Yeye alinitazama tu, hajaelewa, anasema, "Si mtaweka masuku mengine? Si msimu unakuja?" Na alivyoelewa, kidogo kidogo, kutoka kwenye nyuso za wengine, aliishika mikono yake ile iliyochubuka akaitazama. Nilimchukia siku ile. Miaka mingi nimejaribu kuendelea kumchukia, na siwezi, kwa sababu alikuwa ameosha ule mtungi kwa ajili yangu.

Wakamtoa mama jioni ile. Amenyolewa, ameogeshwa, amevaa nguo safi. Akapita mbele ya kichanja. Hakusimama.

Tulijaribu, jamani. Mama alikwangua ufa mdogo wa mdomo wa mtungi kwa ncha ya kisu. Alitumbukiza kata ya zamani, ile ya kuchotea chachu, kwenye maji ya asali akaingoja. Mvua zilipoanza, akaacha juisi wazi ichachuke yenyewe, na ikachachuka, ikawa siki. Akajaribu tena, ikawa pombe ya kunywewa na walevi wa jioni, kali, haina harufu ya kitu. Kila asubuhi alikuwa anaonja, anatema, anafuta mdomo kwa upindo wa kanga. Hakuna aliyebaki wa kuonja naye. Mimi nilikuwa nasimama mlangoni naona mgongo wake, nikajua anahesabu hasara mbili kwa pamoja na hana jinsi ya kuzitenganisha.

Yule bwana hakuwa na subira, na sitamlaumu kwa hilo, kontena linangoja. Akaagiza hamira ya pakiti kutoka nje. Akaleta mtaalamu, akanunua masuku kwa akina mama vijiji vizima. Kikatoka kinywaji kisafi, kitamu kiasi chake, kinafanana jana na leo na kesho. Mnunuzi akaridhika! Kumbe huko Ulaya hawakuwa wamewahi kuonja ile nyingine ikiwa hai, walionja iliyopashwa moto tu. Kikapendwa. Kikaenda nchi moja, kikaenda nyingine, kikapata medali, kiwanda kikahamia Dar karibu na bandari na masuku yakawa yanasafirishwa yamekamuliwa. Alimwomba mama abaki naye, awe anaonyeshwa kwa wageni. Mama alikataa kwa adabu. Alisema, "Mimi ile siipiki, nitawaonyesha nini?" Basi ndipo wakamtafuta yule wa maembe.

Mama alirudi kwenye mahindi. Aliishi miaka mingi baada ya hapo, na kwa muda wote huo mimi niliamini kitu kimoja: kwamba siku ile alikuwa ndani, milango imefungwa, hajui kinachofanyika uani. Nilijifariji kwa hilo. Nilisema angalau hakuona wala kusikia, alikuta limekwisha.

Yule jirani wa Tunduru ndiye aliyenitoa kwenye faraja hiyo. Alikuwa amezeeka, amepata ugonjwa wa miguu, nikaenda kumwangalia. Shikamoo, marahaba, tukakaa. Tukamkumbuka baba, tukaingia kwenye zile siku za matanga, na akasema kama mtu anayesema kitu ambacho wote tunakijua, "Subhanallah, mama yako alivyoshika mkono wangu pale walipoanza kuusugua ule mtungi!"

Nikamuuliza, alisikia?

"Atakosaje? Dirisha si liko hapo hapo. Tulisikia mchanga unakwaruza kwenye udongo, khrrr, khrrr, na wifi yake anaimba. Mama yako akanishika mkono hapa, kwa nguvu, wallahi nilidhani ataniambia kitu. Nikainamisha sikio. Nikamwambia, sema, nitatoka niseme. Akatikisa kichwa. Akaendelea kunishika mpaka ile sauti ikanyamaza, ndipo akauachia."

Nilitembea kurudi nyumbani nimevurugika. Kunong'ona tu! Neno moja sikioni mwa mwanamke aliye tayari kusimama. Uache huo. Basi. Mtungi ungekuwa mzima, na yeye ndiye angekuwa kwenye ile chupa, na mimi nisingekuwa nagombana na walinzi madukani.

Nilimkuta mama amekaa uani, macho yake wakati ule yalikuwa yamefifia, anachambua likolo, mboga ya majani, kwa kupapasa. Nilimvaa moja kwa moja, mimi sijui kuzunguka. "Mama, ulisikia. Walipokuwa wanausugua, ulisikia, na ukanyamaza. Kwa nini?"

Hakushtuka. Aliendelea kuchambua majani, moja, jingine.

"Mwanangu," akasema, "walikuwa wamekwishanisema. Mume anakufa, yeye anauza pombe. Nilikaa chini ya ule ukuta siku zote zile sijafungua mdomo, nimlilie baba yenu wanione. Halafu nifungue mdomo mara moja tu, kwa ajili ya mtungi? Wangesema sasa wamejua nilichokuwa nalilia ni nini."

"Lakini ulikuwa unamlilia baba!"

"Ndiyo maana nikanyamaza."

Nilikaa karibu naye, nikachukua sehemu ya majani, nikaanza kuchambua. Nilikuwa nalia lakini kwa macho yale hakuona, nami sikutaka ajue. Akaniuliza kwa sauti ya chini kabisa, kama bado yuko kwenye ule mkeka, "Eti mwanangu, waliacha? Hawakusema tena, si ndiyo?"

Upande wa baba walikuwa wanasema mpaka wiki ile. Walisema kwenye harusi ya mdogo wangu, na watoto wao wamerithi maneno hayo na wanayasema mpaka leo, kila chupa ile inapotajwa redioni: ndiyo ile pombe ya mke aliyemwacha mumewe afe.

"Waliacha, mama," nikamwambia. "Zamani sana."